Kikombe Kilichotengwa: Habari za Kifafa Tangu Zamani Hata Leo

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kuandika habari za ugonjwa ambao kila kijiji chaujua, lakini watu huutaja kwa sauti ndogo. Ugonjwa huo ni kifafa. Hatuandiki kama waganga, maana sisi ni walimu; twaandika kama watu wanaosoma habari za zamani, ili tuone jinsi wenye kifafa walivyokaa na jirani zao katika nchi mbalimbali na nyakati mbalimbali. Katika habari hizo jambo moja laonekana dogo, nalo larudi tena na tena: kikombe. Mgonjwa hupewa kikombe chake, sahani yake na mkeka wake, wala hakuna amwambiaye neno baya. Tutaonyesha kwamba kikombe hicho kilichotengwa kimewaumiza watu wengi kama maradhi yenyewe, na pengine kimewaua.

Kwanza ifahamike kifafa ni nini. Ubongo wa mtu hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme. Katika ubongo wa mwenye kifafa nguvu hizo huvurugika ghafula mara kwa mara. Pengine mtu huanguka, akakakamaa, akatapatapa, na povu likamtoka kinywani. Pengine hutazama tu mbele kwa sekunde chache kama mtu aliyepotewa na fikira. Kisha hurudi katika hali yake. Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, vijana wa tegu wa nguruwe walioingia ubongoni, na kwa wengine ni jambo la kuzaliwa nalo. Kwa wengi sababu haionekani kabisa. Lakini mate si sababu, wala povu, wala pumzi, wala kula pamoja. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hata 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupewa dawa ipasavyo.

Tena yafaa kukumbuka hesabu hii. Kuanguka kwenyewe kwa kawaida huchukua dakika chache. Mtu aangukaye mara moja kwa mwezi ana dakika chache za kuanguka, na siku nyingi za kulima, kusoma, kupika, kuimba na kulea. Basi tukimwona mtu wa namna hii amekaa pembeni mwezi mzima, yatupasa kuuliza: ni nini kilichomkalisha pale siku zile nyingine zote?

Swali hili ni la zamani sana. Wayunani wa kale waliuita kifafa ugonjwa mtakatifu, kwa kuwa walidhani watoka kwa miungu. Yapata mwaka 400 K.K. kiliandikwa kitabu kidogo, kimoja cha vile viitwavyo vitabu vya Hippocrates, kupinga wazo hilo. Mwandishi wake alisema kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine. Una sababu yake ya asili, na mahali pake ni ubongo. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwa siku zile. Walakini kwetu sisi lipo jambo jingine katika kitabu kile linalostahili kukumbukwa. Mganga yule aliona kwamba mtu mzima akihisi kifafa chaja, huwakimbia watu; hukimbilia nyumbani au mahali pasipo mtu, akajifunika kichwa, asionekane na wengi. Watu walidhani amwogopa mungu. Mganga akasema, siyo, aona haya. Kisha akatazama watoto. Mtoto mdogo hakimbii watu. Humkimbilia mama yake au mtu amjuaye, kwa sababu ya hofu, kwa kuwa bado hajajua haya ni nini.

Tulitafakari neno hili. Mtoto huwaendea watu, mkubwa huwakimbia. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni yale mtu aliyojifunza katikati, miaka ile ya kukua kwake, kwa kuwatazama watu wakimtazama. Hakuna aliyempa somo hilo kwa maneno. Alilisoma machoni na katika vyombo.

Warumi nao walikuwa na jina lao. Waliuita ugonjwa wa mkutano, kwa sababu mtu akianguka wakati wa baraza la watu, baraza lilivunjwa. Ilihesabiwa kuwa ishara mbaya. Pliny, mwandishi aliyekufa mwaka 79 B.K., aliandika kwamba watu walikuwa wakitema mate wamwonapo mwenye kifafa, ili waurudishe ugonjwa usiwapate. Na karibu na mwaka 158 B.K. twapata habari iliyo wazi kuliko zote, nayo yatoka katika bara letu hili la Afrika. Katika mji wa Sabratha, ulioko katika nchi iitwayo leo Libya, mtu mmoja msomi jina lake Apuleius alishtakiwa kwa uchawi. Mashtaka yalikuwa mengi, na moja lilisema kwamba alimroga kijana mtumwa, jina lake Thallus, hata akaanguka mbele yake. Apuleius akajibu kwamba kijana yule ana kifafa, hana haja ya kurogwa ili aanguke, na jambo hilo lajulikana na wote. Akatoa ushahidi: watumwa wenzake humtemea mate, wala hakuna athubutuye kula naye sahani moja au kunywa naye kikombe kimoja.

Huyo ndiye mtu tumtafutaye. Thallus alikuwa amepelekwa mbali mashambani, asije akawaambukiza watu wa nyumba ile. Siku ya hukumu hakuwapo. Wenye kumshtaki Apuleius walimtaja kwa faida yao, naye Apuleius alimtaja kwa faida yake. Hakuna aliyemtetea kijana mwenyewe, wala aliyeuliza kama ilikuwa haki anywe peke yake. Kikombe chake kilitajwa barazani kama jambo la kawaida ambalo kila mtu angelikubali. Ndivyo ulivyo ubaguzi wa namna hii: watu wameuzoea hata hawauoni tena.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya Injili ya Marko, mlango wa 9, ya baba aliyemleta mwanawe aliyekuwa akianguka na kutokwa na povu. Wengi wameitumia habari hiyo kusema kwamba kila mwenye kifafa ana pepo, na kwa sababu hiyo wamewanyima watoto wao dawa. Sisi twaomba isomwe tena polepole. Baba yule hakumficha mwanawe. Alimleta katikati ya mkutano. Aliulizwa hali ile ilianza lini, akajibu kuwa tangu utoto. Alieleza hatari mbili ambazo kila mzazi wa mtoto mwenye kifafa azijua hata leo, yaani moto na maji. Na mwisho wake, mtoto alipokuwa amelala chini kama mfu, na watu wakimdhania amekufa, alishikwa mkono akainuliwa. Alishikwa mkono mbele ya wote, wala hakuna habari ya kuogopa povu lake. Ijapokuwa wakristo wamebishana sana juu ya pepo, mkono ule hauna ubishi.

Sasa tutoke katika siku za kale, tuingie karne ya 19 huko Ulaya. Siku zile mwenye kifafa hakupokelewa shuleni wala kazini, na mara nyingi alifungiwa pamoja na wenye wazimu, ingawa akili zake zilikuwa timamu. Mwaka 1867 wakristo wa Ujerumani walifungua nyumba ya kuwatunza wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Mwaka 1872 mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alishika uongozi wake, na mahali hapo pakajulikana kwa jina la Bethel. Wagonjwa walipewa kazi: useremala, ufyatuaji wa matofali, kilimo na bustani. Bodelschwingh aliamini kwamba mtu asiye na kazi hudhoofika moyo kabla ya mwili. Bethel haiko mbali na historia ya Tanzania, maana mwaka 1891 wamisionari waliofungamana na Bodelschwingh walifika Mlalo katika milima ya Usambara, na baadaye Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili.

Huko Uingereza kilianzishwa mwaka 1892 chama cha kuwatafutia kazi wenye kifafa. Chama kile kilihitajiwa kwa kuwa watu wenye nguvu, wenye ufundi mikononi, walifukuzwa kazini kwa sababu walianguka mara moja mbele ya wenzao. Mwaka 1894 chama hicho kilifungua makao mashambani, mahali paitwapo Chalfont. Huko Marekani nako majimbo kadhaa yalijenga makao kama hayo.

Rehema ilikuwapo katika kazi hizo, nasi twaisifu. Walakini historia yatuonyesha kwamba hata rehema yaweza kuwa na ukuta ndani yake. Watu walipoona kuna makao ya wenye kifafa, wengi walisema moyoni: Basi mahali pao ni kule. Mwaka 1895 jimbo la Connecticut huko Marekani lilitunga sheria ya kuwazuia wenye kifafa wasioe wala kuolewa, na majimbo mengine yakafuata. Ujerumani jambo likawa baya zaidi. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafanya tasa kwa nguvu watu wenye magonjwa yaliyodhaniwa ni ya kurithi, na kifafa kilikuwa katika orodha. Kuanzia mwaka 1939 wagonjwa wengi waliokuwa katika nyumba za matunzo waliuawa, na wenye kifafa walikuwa miongoni mwao. Hatusemi kwamba kila kikombe kilichotengwa huishia huko. Twasema kwamba watu waliokwisha kuzoea kutokuwaona wenzao mezani hawakushtuka upesi walipotoweka kabisa.

Katika nchi ile ile ndiko ilikopatikana dawa. Mwaka 1912 mganga Alfred Hauptmann, aliyekuwa Freiburg, alikuwa akiwapa wagonjwa wake dawa ya usingizi iitwayo fenobabitoni, ili walale vizuri na kuwapa wengine utulivu. Akaona kwamba walioinywa hawakuanguka sana kama zamani. Dawa hiyo ni ya bei ndogo, nayo yatumika hata leo katika hospitali zetu. Hauptmann alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Watawala wa Kinazi walimwondoa kazini, mwaka 1938 wakamfunga, naye akakimbilia Marekani, akafa Boston mwaka 1948. Mtu aliyewarudisha wengi mezani aliondolewa mezani yeye mwenyewe.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1959 mganga mmoja mwanamke, mzaliwa wa Norway, jina lake Louise Aall, ambaye baadaye aliitwa Louise Jilek-Aall, alikuwa akifanya kazi Tanganyika. Alifika Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, akakaa penye misheni ya Kwiro. Huko aliwakuta wenye kifafa wengi kuliko alivyotazamia. Muda si mrefu akaanzisha zahanati ya kifafa, akawapa wagonjwa fenobabitoni ile ile ya Hauptmann, na mwaka 1965 akachapisha habari zao ili waganga wa nchi nyingine wazijue.

Aliyoyaona yanatugusa sana. Watu waliamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, kwa povu, na kwa vitu vitokavyo mwilini mwa mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa alikula kwa chombo chake, na wengi walilala katika kibanda cha peke yao. Hawakuachwa wafe njaa, wala jamaa zao hawakuwa watu wakatili. Chakula kililetwa. Lakini mtu akilala peke yake penye moto wa usiku, nani atamtoa akiangukia motoni? Na akianguka mchana mbele ya watu, nani atamgusa, ikiwa povu laogopwa? Wagonjwa wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Wengine walikufa kwa kuungua, na wengine kwa kuzama majini, si kwa sababu kifafa chenyewe kiliwaua, bali kwa sababu mkono wa kuwatoa haukunyoshwa.

Hapo ndipo tunaposema kwamba kikombe huua. Mtu akizoezwa kila siku kutogusa kikombe cha mwenzake, siku ya moto atasita. Na moto hausubiri mtu anayesita.

Zahanati ya Mahenge ilionyesha jambo la pili. Wagonjwa waliokunywa dawa kila siku walianza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuanguka, na wengi wakarudi shambani na kazini. Dawa iliweza kumrudisha mtu kwenye jembe lake. Kumrudisha kwenye sahani ya jamaa zake lilikuwa jambo la muda mrefu zaidi. Mwaka 1993 waganga wa Tanzania walichapisha matokeo ya kuwauliza wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 vijijini. Karibu watu 4 katika kila 10 walisema kwamba kifafa huambukiza. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu zahanati ile ianze, na zaidi ya miaka 1,800 tangu Thallus, na kikombe kilikuwa bado kimetengwa.

Sheria nazo zilichukua muda. Mwaka 1937 Uingereza ilikuwa imetunga sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja alikuwa na kifafa cha kumrudia mara kwa mara wakati wa kuoana. Mwaka 1971 Uingereza ilikiondoa kifafa katika sheria hiyo. Mwaka huo huo wa 1971 Tanzania ilipitisha Sheria yake ya Ndoa, na ndani yake yakawekwa maneno yanayofanana sana na yale ya zamani ya Uingereza, kifafa kikitajwa pamoja na wazimu. Marekani mwaka 1956 majimbo 17 yalikuwa bado yawazuia wenye kifafa kuoa, na jimbo la mwisho lilifuta sheria hiyo mwaka 1980. Hata miaka ya 1970, mwenye hoteli ya chakula au mwenye nyumba ya michezo katika nchi hiyo aliweza kumkatalia mwenye kifafa asiingie, wala asihukumiwe. India ilibadili sheria zake za ndoa mwaka 1999.

Hivyo twaona kwamba sheria hufutwa kwa kalamu, tena kwa siku moja. Desturi haifutwi hivyo, kwa sababu haikuandikwa popote. Leo ni nadra kusikia mtu akitukanwa hadharani kwa ajili ya kifafa. Badala yake kuna maneno laini. Mzazi huambiwa, "Mtoto akae nyumbani kwanza mpaka apone," na kwa kuwa kifafa ni ugonjwa wa siku nyingi, mpaka apone maana yake ni kwamba hatarudi shuleni kamwe. Kijana aendaye kuomba kazi huambiwa, "Tutakuita," na haitwi. Mshenga hurudi na jibu kwamba wazee bado wanafikiri, na kufikiri huko hakuna mwisho. Tena hata dada zake na ndugu zake hukosa wachumba kwa sababu yake. Arusini mama huambiwa, "Wewe pumzika, shangazi, wasichana watapika." Katika kwaya huwekwa nyuma, asije akaanguka mbele ya wageni. Kila neno katika hayo laonekana kuwa la huruma. Aliyelisema hatajua kwamba amembagua mtu, na aliyeambiwa hawezi kushtaki, maana atashtaki nini? Atasema ametukanwa kwa kuambiwa apumzike? Ndiyo maana ubaguzi huu mdogo ni mzito kuubeba: mwenye kuubeba hana pa kuuonyesha.

Pengine msomaji atauliza: Je, si haki kuwa na tahadhari? Naam, ni haki. Mtu ambaye kifafa chake hakijatulia asipande mnazi, asiogelee peke yake, asiendeshe gari, wala asiachwe peke yake na moto usio na kizuizi. Lakini iko njia nyepesi ya kupambanua mambo haya mawili. Tahadhari humkinga mgonjwa. Ubaguzi hutukinga sisi naye. Meko yaliyoinuliwa na kuzungushiwa udongo humkinga. Kikombe cha peke yake hakimkingi na neno lolote. Tena tahadhari huzungumzwa na mwenyewe, naye akatoa shauri lake, na ikipita miaka bila kuanguka hupunguzwa. Ubaguzi haumwulizi mtu, wala haupungui hata akiwa amepona.

Tena liko jambo ambalo waganga wanalijua vema. Dawa ya kifafa si ya siku tatu kama ya homa. Hunywewa kila siku, kwa miaka, na ikiachwa ghafula kifafa chaweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Sasa tufikirie msichana aliyejifunza kuona haya, ambaye hataki watu wajue. Atakunywaje dawa mbele ya wenzake bwenini? Ataendaje zahanati siku ya wenye kifafa, mahali ambapo kila apitaye atamwona? Ataificha dawa, ataruka siku moja, kisha mbili, kisha ataanguka; na watu watasema, "Mwaona? Dawa za hospitali haziwezi ugonjwa huu." Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini yafaa kuuliza ni nani aliyemfundisha kuyaficha. Mwenye kifafa hakuanza kujificha yeye. Alianza kuwa mtoto yule wa kitabu cha Wayunani, akimkimbilia mama yake.

Basi kwa faida ya wasomaji wetu twaandika hapa yale yapasayo kutendwa mtu aangukapo. Mwondoe penye moto, maji au ukingo. Weka kitu laini chini ya kichwa chake. Legeza nguo iliyombana shingoni. Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje, asipaliwe. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani, wala usimpe maji mpaka fahamu zimrudie. Usimkandamize kwa nguvu. Tazama saa, ikipita dakika 5 naye bado anatapatapa, au akishikwa tena kabla hajaamka, apelekwe hospitali mara moja. Povu lake halitakuambukiza kifafa. Libaki likufundishe kwamba anahitaji kugeuzwa ubavu. Na akiamka, mwambie kwa upole kilichotokea, umpe nafasi ya kupumzika, kisha umrudishe katika kazi au mazungumzo yaliyokuwapo. Umati usisimame kumtazama.

Na kwa walimu wenzetu twaongeza neno. Mtoto akianguka darasani, darasa zima humtazama mwalimu, si mtoto. Likimwona mwalimu amerudi nyuma, limejifunza kurudi nyuma kwa maisha yake yote. Likimwona amepiga magoti akamgeuza mtoto ubavu, akamfuta kinywa, na kesho yake akamwita asome mbele ya wenzake kama kawaida, limejifunza hilo pia. Somo hili halimo katika ratiba, lakini wanafunzi hawalisahau.

Wazee wetu wana methali isemayo, hujafa hujaumbika. Kifafa chaweza kumpata mtu yeyote, kwa ajali ya barabarani au kwa malaria ya wiki moja. Anayetenga kikombe leo huenda kesho akatengewa. Lakini hatutaki mtu atende mema kwa hofu hiyo tu. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani pamoja na vyama vya kifafa vilianza kampeni ya kukitoa kifafa gizani, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana juu ya mpango wa miaka mingi, hata 2031, wa kuwatunza wenye magonjwa ya ubongo. Mipango hiyo ni mizuri, nayo itajenga zahanati na kuleta dawa. Walakini hakuna mpango wa mataifa unaoweza kuingia jikoni mwa mtu na kuchagua kikombe. Jambo hilo limeachwa kwa wenye nyumba.

Kwa hiyo mwenye nyumba na atoe kile kikombe kilichowekwa juu ya kabati peke yake, akioshe pamoja na vingine, akirudishe pamoja na vingine, hata kesho isijulikane kilikuwa cha nani. Chakula kikiandaliwa, jamaa wote na wanawe mikono katika bakuli moja. Watoto waliopo watatazama. Hawatauliza kitu, kama vile hawakuuliza kitu kilipotengwa. Nao watakua wakijua kwamba ndivyo watu walavyo.